Kabla Urudie Berserk, Kutana na Fumo Liyongo wa Pate

Kama wewe ni msee wa anime, Berserk ya 1997 unaijua. Episodi 25, giza tupu, Guts na upanga mkubwa kuliko mtu, halafu ule mwisho ambapo Griffith anauza mbogi yake yote. Tangu Kentaro Miura, mchoraji wake, afariki Mei 2021, watu wameirudia tena na tena. Na ukiirudia, si mashetani wanaokuuma roho. Ni kwamba aliyemchoma Guts alikuwa mtu wake wa karibu.

Sasa nikwambie, hiyo stori tunayo huku Lamu, na ilikuwa inaimbwa kabla dunia ijue katuni ni nini.

Najua shuleni ulipewa utenzi wa Fumo Liyongo uhesabu mizani na vina mpaka usingizi ukakubeba. Tulia, leo hakuna mtihani. Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, kule bara karibu na mdomo wa mto Tana, na damu yake ilikuwa ya ufalme. Wasomi wanabishana aliishi lini, wanapishana kwa mamia ya miaka. Edward Steere aliichapa hadithi yake mwaka 1870, halafu mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na fundi wa kuchonga milango, akaiandika kama utenzi. Hiyo ya Kijumwa ndiyo wengi wanaishika, na ndiyo nafuata hapa.

Liyongo alikuwa jitu. Siku moja Wagalla, hilo ndilo jina Waoromo walikuwa wanaitwa enzi hizo, walikuja kisiwani Pate kununua chakula. Sultani akawapigia stori za huyu jamaa, nao wakataka kumwona. Liyongo akaitwa kutoka Shaka. Safari ya siku nne kwa mtu wa kawaida, yeye akaifyeka kama anaenda dukani. Akafika akipuliza panda, na panda zikapasuka kwa pumzi yake. Akafungua mkoba: kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu, mpaka mafiga matatu ya jikoni. Manze, mtu anatembea na jiko lote begani! Wagalla wakaomba aoe kwao ili wapate mbegu yake. Akaoa, akazaa kijana. Huyo kijana mweke akilini.

Sifa zikamtia sultani baridi. Akaona huyu atanyakua kiti. Liyongo akajua anawindwa, akahepa msituni bara, akakaa na Wasanye na Wadahalo. Sultani akawatumia ujumbe: leteni kichwa, mpate reali mia. Ganji ikaongea. Wakapanga kula makoma kwa kikoa, kila mmoja zamu yake kupanda mti, ili Liyongo akiwa juu wamfyatulie mishale. Zamu yake ikafika. Jamaa hakupanda. Alisimama chini akaangusha makoma kwa mshale, wenzake wakabaki wakiangaliana tu.

Mwishowe alinaswa akatupwa gerezani Pate, minyororo na walinzi juu. Hapa ndipo mimi hupenda hii stori zaidi ya upanga wowote wa Guts, kwa sababu anayemtoa si jeshi. Ni mathe wake na kijakazi anaitwa Saada. Mathe alikuwa anapika chakula safi, Saada anakileta, walinzi wanakifagia chote na kumwachia Liyongo makombo. Basi Liyongo akamwimbia Saada ujumbe wa kupeleka nyumbani: mama apike mkate wa makapi, ndani aweke tupa. Walinzi wakauona ule mkate, wakaucheka, wakaupitisha. Ulafi wao ndio uliwafunga macho. Akaomba apigiwe gungu kabla auawe, akawafundisha watu nyimbo mwenyewe, na ngoma na matoazi zilipopamba moto, akakata vyuma taratibu ndani ya kelele. Watu waliposhtuka, alikuwa nje, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Ukiniuliza, hapo ndipo ungemaliza sinema. Lakini sultani alikuwa ashajua nguvu haitamsaidia. Akamwita yule kijana.

Akamwahidi cheo na binti yake wa kuoa. Kazi yenyewe: kajue ni nini kinaweza kumuua babako. Kijana akaenda kwa mzae akauliza, eti ni wasiwasi wa mtoto tu. Na Liyongo alielewa. Hii ndiyo sehemu hunisumbua: alijua kijana katumwa, na bado akamjibu ukweli. Sindano ya shaba, kitovuni. Silaha nyingine hazimwezi. Labda alichoka kukimbia, labda hakutaka kumdanganya damu yake. Guts hakujua kinachokuja. Huyu alijua, akalala usingizi nyumba moja na mtoto wake.

Kijana akapewa sindano Pate, akarudi, akangoja mzae alale, akamdunga.

Liyongo aliamka na maumivu, akachukua upinde na mishale, akatoka hadi karibu na kisima. Akapiga goti, akavuta upinde, akafia hapo hapo. Ulilia Whitebeard akifa wima kwenye One Piece? Huyu alikufa akiwa amelenga. Siku zikapita hakuna anayekaribia kisima, mji mzima una kiu, kila mtu akidhani jitu limekasirika. Wakamwita mathe wake aje kumbembeleza. Akaja, akamwimbia mwanawe kwa mbali, akirudi kila siku, mpaka mwili ukaanguka wenyewe. Hapo ndipo wakajua wamekuwa wakimwogopa maiti.

Kijana alienda kudai bibi. Sultani akamfukuza. Akakimbilia kwa wajomba zake Wagalla, nako hawakumtaka, na haikuchukua muda akaugua akafa. Babake bado ana mashairi yanayosomwa kwa jina lake, na nyimbo za gungu wanazosema ni zake. Ukishuka kutoka Lamu mpaka Kipini, uliza wazee njia ya Ozi. Watakuonyesha pale wanaposema alizikwa.