Mama Kevina: Mtawa aliyewasemea wagonjwa wa ukoma kando ya Ziwa Victoria

Ufuko wa Masese, viungani mwa mji wa Jinja, unajulikana zaidi kwa samaki na mitumbwi. Ukitoka hapo kuelekea magharibi na kuvuka Mto Nile, utafika Nyenga. Ukifuata ufuko wa ziwa kuelekea mashariki, ndani ya Busoga, utafika Buluba. Hospitali zote mbili zilianza katika miaka ya 1930 zikiwa vituo vya wagonjwa wa ukoma, na chimbuko lake ni juhudi za mtawa ambaye wenyeji walimwita Mama Kevina.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 katika kaunti ya Wicklow, Ireland, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Mama naye alifariki binti huyo akiwa na umri wa miaka 10, akabaki mikononi mwa bibi yake. Alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, akitumaini kutumwa kuwahudumia Wamarekani weusi. Akatumwa Uganda.

Alifika Nsambya, Kampala, Januari 1903, akiwa mmoja wa watawa sita. Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza vijiji vya kando ya ziwa, na Busoga iliumia vibaya mno. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Nsambya ilipokea wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na kurudi wakiwa hoi. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani kwa kazi hiyo. Kwa wapagazi wenyewe, wengi wao hata majina yao hayakuhifadhiwa.

Huenda ni hapo alipotambua kwamba dawa peke yake haitoshi: mgonjwa asiyeonekana na wenye mamlaka huhitaji mtu wa kumsemea. Kanuni za Kanisa wakati huo ziliwazuia watawa kuzalisha akina mama, katika nchi ambayo wanawake wengi walikuwa wakifa wakijifungua. Mama Kevina hakukaa kimya. Kwa ushirikiano na daktari Evelyn Connolly, mafunzo ya wakunga yalianzishwa Nsambya mwaka 1921, naye akaendelea kuwashawishi wakubwa wake kwa miaka mingi hadi Roma ilipoondoa katazo hilo mwaka 1936.

Ukoma ulikuwa mtihani mgumu zaidi. Wagonjwa walifichwa au kufukuzwa vijijini, na tiba ya kuaminika ilikuwa bado haijapatikana. Kujenga Nyenga na Buluba kulihitaji fedha za watu ambao hawangeiona Jinja maisha yao yote. Basi mtawa huyo akawa mwombaji: alisafiri Uingereza na Ireland akieleza hali ya wagonjwa, akatafuta wafadhili na wasichana walio tayari kwenda kuhudumu Afrika. Miaka mingi baadaye, Buluba ikampokea daktari Wanda Błeńska kutoka Poland, aliyehudumu hapo kwa zaidi ya miaka 40.

Hata hivyo, pengine kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1923, alipoanzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yao yakiwa Nkokonjeru. Fedha za ng'ambo zingeweza kukoma wakati wowote. Masista hao walikuwa wenyeji, na shirika lao likaenea hadi Kenya na Tanzania.

Alipostaafu uongozi akiwa na miaka 80 alipelekwa Brighton, Massachusetts, na huko pia aliendelea kuchangisha fedha. Alifariki hapo tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa kwanza Ireland, lakini waumini wa Uganda walimtaka kwao, ukasafirishwa na kuzikwa Nkokonjeru. Mwaka 2016, Jimbo Katoliki la Lugazi lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri.