Emil von Behring na Deni Letu kwa Farasi



Ndugu zangu wanafunzi, sisi tuliokulia Rwimbogo na vijiji vingine vya Rusizi hatukuzoea kuona farasi. Tunamsoma katika Suratul-Aadiyaat, tunamwona kwenye picha, basi. Lakini mkulima akiumwa na nyoka kwenye mpunga kule Bugarama, dawa ya kuvunja sumu atakayochomwa kwa kawaida hutokana na damu ya farasi. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo ni Emil von Behring.

Alizaliwa tarehe 15 Machi 1854 huko Hansdorf, Prussia. Baba yake alikuwa mwalimu mwenye watoto 13, na mshahara wake haukutosha kumlipia mtoto chuo. Jeshi ndilo lililomsomesha udaktari bure mjini Berlin, naye akalipa deni hilo kwa miaka ya utumishi. Mwaka 1889 alikuwa tayari katika taasisi ya Robert Koch.

Siku hizo dondakoo liliua watoto wengi sana Ulaya. Utando huota kooni mpaka mtoto anakosa pumzi, na mara nyingi daktari hakuwa na la kufanya ila kutoboa koo ili hewa ipite. Pale kwa Koch, Behring alimkuta Kitasato Shibasaburo, Mjapani aliyefanikiwa kuotesha vijidudu vya pepopunda peke yake. Mwishoni mwa 1890 wawili hao walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mnyama mwingine. Behring akaonyesha hivyo hivyo kwa dondakoo.

Lakini sungura ana damu kidogo. Wakajaribu kondoo, kisha ikathibitika kuwa farasi ndiye afaaye. Farasi hudungwa sumu kidogo sana, kipimo kikiongezwa polepole, mpaka damu yake inajaa kingamwili. Hapo hutolewa damu kwenye mshipa wa shingo, naye huendelea kuishi. Majimaji yanayobaki damu ikiganda, yaani seramu, ndiyo dawa. Mwaka 1894 Émile Roux aliitumia kwa watoto hospitalini Paris, na vifo vya dondakoo vikashuka kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi karibu robo. Farasi naye alifaidika: Nocard, daktari wa mifugo wa Ufaransa, alionyesha kuwa seramu ya pepopunda huwakinga farasi wenyewe baada ya jeraha au kuhasiwa.

Mwaka 1901 Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba. Alipewa peke yake, Kitasato hakuhesabiwa. Paul Ehrlich, aliyemsaidia kupima nguvu ya seramu, alitofautiana naye kwa uchungu. Mwaka huo huo, St. Louis huko Marekani, watoto 13 walikufa kwa seramu ya farasi aliyekuwa ameshikwa na pepopunda. Tangu hapo sheria ya kukagua dawa za namna hiyo ikatungwa Marekani mwaka 1902.

Behring alianzisha kiwanda cha seramu mjini Marburg mwaka 1904, kisha akaugua huzuni nzito iliyomweka katika nyumba ya tiba kwa miaka kadhaa. Alirudi kazini, akaona seramu ya pepopunda ikiokoa askari wengi vitani, na akafariki tarehe 31 Machi 1917.

Leo dondakoo na pepopunda huzuiwa kwa chanjo ya watoto wachanga, kwa hiyo tusiwaache wadogo zetu wakose. Na aliyeumwa na nyoka apelekwe haraka kituo cha afya, asicheleweshwe kwa kuchanjwa wembe na kufungwa kamba.

Wenzangu mnaosomea udaktari, uuguzi na mifugo, mkipata shahada kumbukeni kwamba jina moja likiandikwa juu ya cheti, nyuma yake wamo wenzake wa maabara, na yumo mnyama asiyeweza kudai haki yake. Kuwashukuru wa kwanza na kumhurumia wa pili ni sehemu ya kumshukuru Mola.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.