Mchungaji Dkt. Dietrich Bonhoeffer (1906–1945)

Mtumishi huyu wa Kanisa la Kilutheri alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 mjini Breslau, wakati huo Ujerumani, akafundisha theolojia katika Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1933, serikali ya Hitler ilipoanza kuwanyima Wayahudi haki zao, alitamka wazi kwamba Kanisa lina wajibu kwa kila anayeonewa, hata asiyebatizwa. Mwaka 1936 alinyang'anywa kibali cha kufundisha. Mwaka 1939 alikuwa salama Marekani, lakini alirejea ili ashiriki mateso ya watu wake. Ndipo akaanza kuandika kitabu juu ya maadili ya Kikristo. Hakukimaliza: alikamatwa Aprili 1943, akanyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Rafiki yake Eberhard Bethge alikichapisha mwaka 1949. Usharika unaotimiza miaka mia moja hauna budi kujiuliza umesimama na nani.