Louis Renault, aliyeanza na giaboksi kwenye kibanda cha bustani

Fundi anayetaka kulitia gari la zamani giaboksi ya kisasa ya gia tano huanza na vipimo. Itaenea chini ya sakafu? Klachi itakubaliana na injini? Propela shafti ikatwe kiasi gani? Kazi ya namna hiyo, ya kuchukua chombo kilichotengenezwa na mwingine na kukitia giaboksi bora, ndiyo iliyomtajirisha Mfaransa Louis Renault.

Alizaliwa Paris mwezi Februari 1877. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na vifungo, kwa hiyo nyumbani hawakulala njaa. Shuleni hakung'ara. Alipenda kushinda kwenye karakana ya Léon Serpollet, mtengenezaji wa magari ya mvuke, na huko Billancourt, pembeni mwa Paris, alikuwa na kibanda chake cha ufundi katika bustani ya wazazi.

Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 21, alichukua pikipiki ya magurudumu matatu ya kampuni ya De Dion-Bouton, akaifanya gari dogo la magurudumu manne. Injini yake haikufikia nguvu za farasi 2. Lakini jambo kubwa lilikuwa katikati, kati ya injini na magurudumu.

Magari mengi ya wakati ule yalizungusha magurudumu ya nyuma kwa cheni au mikanda, yakapiga kelele na kupoteza nguvu njiani. Renault aliweka giaboksi ya gia tatu na rivasi, kisha propela shafti hadi kwenye difu. Katika gia ya kwanza na ya pili, nguvu ilipita kwenye meno ya shafti ya pembeni ndipo ikarudi. Katika gia ya tatu, shafti inayotoka kwenye injini ilifungwa moja kwa moja na shafti inayotoka nje, zikazunguka pamoja kama chuma kimoja. Nguvu haikulazimika kuzunguka popote.

Ukiendesha pikapu ya propela shafti yenye gia tano, mara nyingi gia ya nne ndiyo hiyo ya Renault. Ya tano huongezwa ili injini ipumzike kwenye mwendo mrefu. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele ni habari nyingine.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1898 aliwekeana dau na marafiki kwamba gari lake litapanda rue Lepic, mtaa wenye mwinuko mkali katika kilima cha Montmartre. Likapanda. Usiku huohuo akapata oda 12. Mwezi Februari 1899 aliiandikisha giaboksi yake serikalini ili mtu asiiige bila kumlipa, na pamoja na kaka zake Marcel na Fernand wakafungua kampuni.

Walijitangaza kwa mashindano, na mashindano yakawatoza. Mwezi Mei 1903, katika mbio za Paris hadi Madrid, Marcel alipata ajali akafa. Louis, aliyekuwa mbele katika mbio hizohizo, alijiondoa na hakushindana tena. Fernand naye alifariki mwaka 1909, Louis akabaki peke yake.

Vita vya kwanza vya dunia vilimpa sifa. Mwaka 1914 teksi za Paris, nyingi zikiwa Renault, zilibeba wanajeshi kwenda mapigano ya Marne. Baadaye kiwanda chake kilitengeneza kifaru chepesi cha FT, ambacho mzinga wake ulizunguka pande zote.

Vita vya pili vilimharibia. Wajerumani walipoikalia Ufaransa mwaka 1940, kiwanda kiliendelea kufanya kazi chini yao, kikitengeneza malori ya jeshi lao. Waliomtetea walisema alitaka kuokoa mashine na ajira. Hoja hiyo ina uzito, lakini malori yalikwenda vitani. Ndege za Uingereza zilipokishambulia kiwanda mwezi Machi 1942, mamia ya raia wa mitaa ya jirani waliuawa.

Paris ilipokombolewa, Renault alikamatwa, Septemba 1944, kwa tuhuma za kushirikiana na adui. Alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki tarehe 24 Oktoba kabla ya kesi kusikilizwa, na familia yake ilidai kwamba aliteswa gerezani. Januari 1945 serikali ya Charles de Gaulle ilitaifisha kampuni. Mwenyewe hakuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote.