Bibi Titi Mohamed: Maisha Baada ya Hukumu

Warundi wanaokwenda Dar es Salaam kwa masomo au biashara hupita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini. Katika toleo hili tunayapitia maisha yake ili tuelewe ni haki gani humbakia mtu baada ya hakimu kusoma hukumu.

Bibi Titi alizaliwa Juni 1926 mjini Dar es Salaam, katika familia ya Kiislamu. Alisoma Qurani, kisha shule ya msingi kwa miaka michache. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo, na mwaka uliofuata akapewa kuongoza kitengo cha wanawake. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na kwa wauza maandazi, na kufikia Oktoba 1955 alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000. Baada ya uhuru alikuwa mbunge, waziri mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1965 alipopoteza kiti chake cha Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wenzake, wakashtakiwa kula njama za kuipindua serikali. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Bibi Titi alikana mashtaka, lakini akatiwa hatiani na kupewa kifungo cha maisha.

Haki ya kwanza ya aliyehukumiwa ni rufaa. Waliotiwa hatiani waliitumia mwaka 1971 katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, lakini Bibi Titi alibaki gerezani. Humo humo alipata pigo jingine: mumewe alimpa talaka.

Haki ya pili ni kuomba msamaha wa mkuu wa nchi. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Hapa tutofautishe mambo mawili. Msamaha wa rais huondoa adhabu. Hausemi kwamba mtu hakutenda kosa; hilo ni la mahakama. Bibi Titi alirudi nyumbani akiwa huru, huku hukumu ikiwa bado kwenye vitabu.

Tofauti hiyo tunaijua kutoka Surat Yusuf. Mfalme alipoagiza Nabii Yusuf (a.s.) atolewe gerezani, hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe ili kwanza suala la wale wanawake lichunguzwe, na alitoka baada ya ukweli kudhihirika. Kwake kutoka hakukutosha bila jina kusafishwa.

Bibi Titi hakuipata nafasi hiyo. Aliishi miaka mingi kimya, mbali na siasa, na wengi waliomshangilia zamani hawakuonekana mlangoni kwake. Mwaka 1991, Tanzania ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja tena kama shujaa wa ukombozi. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa hospitalini Johannesburg.

Suala hili si la Tanzania peke yake. Machi 2021 Rais wa Burundi alitoa msamaha kwa wafungwa zaidi ya 5,000. Mtu akitoka gereza la Gitega na kurudi mlimani kwao Bugendana, adhabu imekwisha, lakini majirani bado wanamwita mfungwa. Ndiyo maana wanasheria wana kitu kingine wanachokiita kwa Kifaransa réhabilitation, yaani kurudishiwa heshima na haki zilizoondolewa na hukumu. Hakiji chenyewe siku lango linapofunguliwa. Lazima kiombwe kwa utaratibu wa sheria, na wengi hawajui kuomba. Hata haki za walio ndani bado zinajadiliwa. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba kifungu kilichowanyima kura waliofungwa zaidi ya miezi sita kinapingana na Katiba.

Ndugu wanafunzi wa sheria, hapa pana kazi yenu: kumsaidia aliyetoka kuandika ombi lake. Na sisi wengine tunayo kazi isiyohitaji shahada. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kumlaani mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa kunywa pombe, ingawa aliletwa mara nyingi. Ikiwa huyo ambaye kosa lake lilikuwa wazi alilindwa na ulimi wa watu, basi aliyemaliza kifungo chake anastahili kusalimiwa msikitini, kupewa kazi, na kuozeshwa.

Allah amrehemu Bibi Titi Mohamed, amsamehe makosa yake na atusamehe yetu. Amin.