Ole Evinrude, Fundi wa Injini za Mashua

Hapa Kamanga hatukosi kusikia mlio wa injini ya kupachika. Wavuvi huifunga nyuma ya mitumbwi yao, wakaingia ziwani na kurudi mwaloni bila kuchoshwa na makasia. Lakini ni wachache kati yetu wamjuao mtu aliyeieneza duniani. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze maisha yake kwa ufupi.

Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877. Alipokuwa na miaka 5, wazazi wake walihamia Marekani, wakalima shamba karibu na Ziwa Ripley katika jimbo la Wisconsin. Shuleni hakukaa sana, ila alipenda mno mashine. Alipotimu miaka 16 alikwenda mji wa Madison kufanya kazi kiwandani. Baadaye alifanya kazi Pittsburgh na Chicago, akijifunza ufundi wa chuma mchana na kusoma vitabu usiku.

Kisha akakaa Milwaukee, na mwaka 1906 akamwoa Bess Cary. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto walikuwa matembezini kwenye Ziwa Okauchee, Bess akatamani aiskrimu. Ole alipiga makasia hadi ng'ambo kuinunua, na aliporudi ilikuwa imekwisha yeyuka. Tangu hapo akawaza kuifanyia mashua injini.

Hakuwa wa kwanza, maana Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alikuwa amekwisha tengeneza yake. Lakini ile ya Evinrude, iliyoanza kuuzwa mwaka 1909, ilikuwa imara na rahisi kutumia. Ilikuwa na silinda 1, nguvu ya farasi 1.5, na uzito wa kilo 28 hivi. Bess aliicheka kwanza, akaifananisha na kisagio cha kahawa. Lakini ndiye aliyeandika matangazo na barua za biashara. Hata wavuvi wa Skandinavia wakaagiza nyingi.

Afya ya Bess ikadhoofika. Mwaka 1914 Evinrude alimwuzia mshirika wake sehemu yake ya kampuni, akaahidi kutotengeneza injini za mashua kwa miaka 5. Katika mapumziko hayo alibuni injini mpya ya silinda 2, akatumia alumini ili iwe nyepesi. Akampelekea yule mshirika wa zamani, naye akaikataa. Basi mwaka 1921 Evinrude na mkewe walianzisha kampuni nyingine, Elto, ikashindana na ile iliyochukua jina lake mwenyewe! Mwaka 1929 kampuni hizo ziliunganishwa, naye akawa mkuu wake. Bess alifariki mwaka 1933, na Ole mwaka 1934.

Injini zenye jina lake zilikoma kutengenezwa mwaka 2020. Hata hivyo zile kuukuu hazijafa. Huko Marekani kipo chama cha watu wazikusanyao, kilichoanzishwa mwaka 1965. Huzifungua, huosha kabureta, hubadili plagi, na kipuri kisichopatikana madukani hukichonga wenyewe, mpaka injini iliyokaa kimya miaka mingi ingurume tena majini.

Nami nionapo injini mbovu ikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, huona kwamba tunauza kitabu kabla ya kukisoma. Ndani yake mna pistoni, sumaku, cheche za umeme na mchanganyiko wa petroli na oili. Mambo yale yale tufundishwayo katika fizikia. Nawasihi wazazi wetu: kabla hamjaiuza, ileteni shuleni, tuifungue mbele ya mwalimu pamoja na fundi wa mwaloni. Huenda ikawaka, huenda isiwake, lakini sisi tutakuwa tumejifunza kazi. Evinrude alikataliwa na mshirika wake, wala hakuacha ufundi. Wahenga walisema kweli: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.