Allidina Visram: Tajiri Aliyeanza na Mali Kauli

Ukimwuliza mwana wa Mombasa Allidina ni nini, atakuonyesha skuli. Vizazi na vizazi vimesoma hapo, na wengi wametoka na vyeti vyao pasi na kujua kwamba jina lile ni la mtu, na kwamba mtu huyo alifika pwani yetu akiwa mtoto mikono mitupu.

Marehemu Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kachi huko Bara Hindi, katika jamaa ya Makhoja Ismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alivuka bahari akashukia Bagamoyo. Hakuja na rasilimali, wala hakujua lolote la pembe wala karafuu. Mtoto wa umri ule angelijulia wapi?

Bagamoyo ya siku zile ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilishuka kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu mabegani, ikarudi na nguo za merikani na kaniki, ushanga na masango. Wala tusifiche: njia zizo hizo walipitishwa watumwa, hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Utajiri wa mji ule ulibebwa na migongo ya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wa skuli yoyote.

Katika mji huo Allidina aliingia kazi katika biashara ya Sewa Haji Paroo, Khoja mwenziwe, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa misafara. Hapo ndipo alipoanza kusoma, na chuo chake kilikuwa mizani na ghala.

Biashara ya mazao, msomaji, si kununua na kuuza tu. Pembe huuzwa kwa frasila, nayo frasila ni ratili 35. Lakini pembe ina uwazi ndani ya shina lake, na muuzaji mjanja aweza kupachika kitu humo ili izidi uzito. Karafuu isiyokauka vizuri huwa nzito leo, na kesho imeoza ghalani. Nta huchanganywa na uchafu. Ngozi isiyoanikwa sawasawa huliwa na wadudu kabla ya kufika melini. Mambo haya hayaonekani katika daftari. Mgeni huyajua kwa jicho, kwa pua na kwa vidole, na humchukua miaka.

Lakini jicho peke yake halikutosha. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na desturi yao, nayo ni mali kauli. Tajiri humpa mtu bidhaa kwa neno lake tu; yule huzipeleka bara, huzibadilisha kwa pembe au nta, kisha hurudi baada ya mwaka au zaidi kulipa deni na kubakiwa na faida yake. Asiye na senti aliweza kuanza, mradi awe na jina. Na jina likivunjika mara moja halikuungika tena, kwani habari zilifika pwani kabla ya msafara wenyewe. Basi rasilimali ya kwanza ya kijana wa namna ile ilikuwa ni kuaminiwa.

Allidina aliaminiwa. Taratibu alifungua maduka yake mwenyewe, Dar es Salaam, Sadani, Tabora hata Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ile ya misafara iliangukia mikononi mwa yule aliyeanza kama msaidizi.

Hapo angeweza kutulia. Lakini mwaka 1896 reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda ziwani, naye akafahamu maana yake. Mzigo wa kichwani ni ghali, na bidhaa iliyoweza kustahimili gharama ile ilikuwa pembe, kwa kuwa thamani yake ni kubwa na uzito wake si mwingi. Ngozi, ufuta na pamba havikuweza. Ujira wa mpagazi ungelikula faida yote njiani. Gari la moshi lingeligeuza hisabu hiyo.

Kwa hivyo hakungoja reli ifike. Alifungua duka Kampala ingali inajengwa, akapanga maduka mengine kandokando ya njia yake na kuwauzia vyakula mafundi na vibarua wa Kihindi walioijenga. Garimoshi lilipofika Kisumu mwaka 1901, lilimkuta yeye ameshatangulia. Kilimo cha pamba cha kuuza nje kilipoanza Uganda mnamo 1903 na 1904, alikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na baadaye akawa na mitambo ya kuichambua. Ilipofika mwaka 1909 matawi ya biashara yake yalipita 30. Wengi waliokuja kutoka Bara Hindi kutafuta riziki walianzia kazini kwake, kisha wakafungua vyao. Ule mlango wa kuaminiana aliopitia yeye, hakuufunga nyuma yake.

Mwaka 1916 alifariki, baada ya kupatwa na homa katika safari ya biashara huko Kongo. Alikuwa na miaka 65 na bado yumo safarini.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Ile biashara kubwa haikudumu sana baada yake. Mambo yake mengi yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na madeni yametapakaa nchi nzima. Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari huhitaji anayelifahamu. Kisha ikaja miaka ya 1920 na 1921: bei za mazao zikaanguka duniani, na rupia iliyozoeleka ikaondolewa, tukaingia katika shilingi. Hazikupita siku nyingi, maduka yakawa ya wengine.

Kilichobaki ni kile kilichotolewa. Mwaka 1921 mwanawe, Abdulrasul, alitoa mali kujenga skuli Mombasa kwa ukumbusho wa baba yake. Na yule bwana wa kwanza, Sewa Haji, alikuwa ametoa fedha za hospitali Dar es Salaam, ambayo ndiyo asili ya Muhimbili, na hadi leo mna jengo lenye jina lake. Tajiri na msaidizi wake wamesalimika kwa njia moja.

Vijana wetu wengi leo hutaka kuingia katika biashara ya mazao, iwe nazi, korosho au bizari, na kilio chao ni kwamba hawana rasilimali. Kilio hicho kina haki. Lakini Allidina kabla hajamiliki hata frasila moja alikaa miaka kando ya mizani ya mwenziwe, akajifunza kutambua zao jema na baya, na akalinda neno lake. Sehemu hiyo ya rasilimali haikopeshwi na benki.